UZI: Mwombaji wa ubatizo aketishwe na karatasi ahesabu gharama, au aje tu kama alivyo?

#1 Katekista wa Ziwa
Wakuu, Bwana asifiwe.

Madarasa mengi ya ubatizo wa watu wazima yanafundisha Kanuni ya Imani, Amri Kumi na Sala ya Bwana. Mtu anaulizwa maswali, anajibu vizuri, anabatizwa. Baada ya muda unamkuta amekwama kwenye jambo ambalo halikuguswa darasani hata siku moja: ukoo unamtaka achinje mbuzi kaburini kwa babu, mwajiri anamtaka asaini risiti ya uongo, au kuna mke wa pili ambaye hakumtaja kwa sababu hakuulizwa.

Luka 14:28: "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kuumalizia?" Maneno hayo Yesu aliwaambia makutano makubwa waliokuwa tayari wanamfuata (mst. 25). Mhubiri mwingine angewaandikisha wote jioni ile ile.

Hoja yangu: kabla ya kuandikwa, mwombaji akae vikao visivyopungua vitatu na mlezi wake, karatasi mezani, aandike kwa majina na kwa shilingi. Ndoa yake ikoje, ana mali gani ya watu, ukoo unamdai nini, kazi yake ina uongo gani, nani atamkataa. Swali kwenu: nini kingine kiwemo? Na unayasemaje hayo yote bila mtu kumwona Mungu kama mtoza ushuru badala ya Baba anayempenda?

#2 Neema Tele
Shalom. Mimi napinga. Waefeso 2:8 inasema wokovu ni kipawa cha Mungu. Towashi wa Kushi aliona maji njiani akauliza, "Ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Filipo hakumpa karatasi. Mlinzi wa gereza wa Filipi alibatizwa saa ile ile ya usiku, yeye na watu wake (Mdo 16:33). Vikao vitatu vya hesabu ni sharti ambalo mitume hawakuliweka.

#3 Msomaji Taratibu
@Neema Tele, towashi alikuwa anatoka kuabudu Yerusalemu na anasoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake. Huyo hakuanzia sifuri.

Ila na @Katekista wa Ziwa asome mfano wa pili, ule wa mfalme. Ana askari 10,000, anayemjia ana 20,000. Hesabu haitoki. Anachofanya ni kutuma wajumbe kutaka sharti za amani. Ndipo mst. 33 unafunga: "asiyeacha vyote alivyo navyo, hawezi kuwa mwanafunzi wangu." Kwa hiyo anayeketi vizuri hainuki akisema "ninazo za kutosha". Anainuka akijua hana, na kwamba lazima amtegemee mwingine. Ukimruhusu aondoke na karatasi akidhani amejipima na anaweza, umemtayarisha aanguke kama Petro aliyesema yuko tayari kwenda gerezani na hata kufa (Luka 22:33).

#4 Mhasibu wa Usharika
Tuje kwenye shilingi, maana hapo ndipo watu wanapiga chenga.

Mali ya watu. Iwe orodha ya siri, ya mwombaji na mlezi tu. Kila mstari uonyeshe aliyedhulumiwa ni nani, kilichukuliwa nini, thamani yake, na kama mwenyewe yu hai. Kiwango cha chini ni Hesabu 5:7: unarudisha kitu kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano. Aliyechukua 300,000 anarudisha 360,000. Mwenyewe akiwa amefariki, mst. 8 unakupeleka kwa jamaa yake wa karibu. Kama jamaa hayupo, ndipo kinakuwa cha Bwana. Watu wanapenda kumruka jamaa na kukimbilia kapu la sadaka, kwa sababu kapu haliulizi maswali.

Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aende mwenyewe, akiri, aombe awamu, waandikishane mbele ya shahidi mmoja. Kinachoharibu zoezi hili ni ahadi ya siku ya machozi: mtu anaahidi 200,000 kwa mwezi, analipa miwili, wa tatu anazima simu. Sasa amedhulumu mara mbili na jina la Yesu limeingizwa humo. Awamu iwe ndogo kiasi kwamba watoto wanakula na ada inalipwa.

Kama ni mali ya mwajiri, ajue kabla hajafungua mdomo kwamba anaweza kufukuzwa au kushtakiwa. Usimwambie "Mungu atamlainisha bosi". Hukupewa neno hilo.

#5 Mnyamwezi Mtulivu
Mhasibu leo umepunguza bei kwa watu. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, alirudisha mara nne, tena nusu ya mali yake akawapa maskini.

#6 Msomaji Taratibu
@Mnyamwezi Mtulivu, mara nne ni adhabu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza (Kutoka 22:1, ng'ombe ni watano kwa mmoja). Mnyama akikutwa hai mkononi mwake ni mara mbili (22:4). Sehemu ya tano ni ya anayekiri mwenyewe. Zakayo alikiri mwenyewe, lakini akajihukumu kama mwizi aliyekamatwa. Hakuna aliyemtajia kiwango.

Angalia na mpangilio wa Luka 19. Yesu anasema "leo imenipasa kushinda nyumbani mwako" kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Amekwisha kupendwa hadharani, watu wananung'unika, ndipo mkono unafunguka. Hapo nadhani kuna nusu ya jibu la swali la #1. Karatasi isitangulie meza.

#7 Ndugu wa Kagera
Kwenye kurudisha mali, Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya toba iliyoenea makanisani, una mengi ya kutufundisha, mazuri na mabaya. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Kampala 1929, moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukashuka Uganda na Kagera, ukafika Kenya 1937. Watu walirudisha fedha, mifugo na vyombo vya waajiri. Walikutana kila juma na kukiri mbele ya ndugu, wakiita kutembea nuruni, kwa 1 Yohana 1:7.

Palipoharibika ni pale mtu aliposimama mbele ya wote na kukiri uzinzi akimtaja mwenzake ambaye hayupo na hajatubu. Yeye anatoka mwepesi, mwenzake ndoa imevunjika jioni ile. Kukiri kuenee kadiri dhambi ilivyoenea. Uliyemkosea mmoja, mwendee mmoja. Fedha ya kikundi, kiri kwenye kikundi. Jina la mtu mwingine usilitaje kabisa, hilo si lako kulitubia.

#8 Mama Mlezi
Asanteni. Naomba mguse ndoa, kwa sababu ndiyo mstari mzito kuliko yote kwenye hiyo karatasi. Mwanamume ana wake wawili, wote wamezaa, anataka ubatizo. Mnamwambia aandike nini?

#9 Mwanglikana
Kwetu historia ni hii. Mkutano wa Lambeth, yaani wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa 1888 uliamua mwenye wake wengi asibatizwe. Abaki mwanafunzi wa ubatizo mpaka hali yake ibadilike. Wake zake waliweza kupokelewa katika mazingira fulani. Miaka 100 baadaye, Lambeth 1988, azimio la 26, liliruhusu abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wanaoamini, kwa masharti matatu: aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake aliokuwa nao anaishi, ushirika wa mahali pale ukubali, na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hali ngumu ambayo mwanamke huyo angetupwa ndani yake.

#10 Mkatoliki wa Kipalapala
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu ni kanuni ya 1148 ya Sheria ya Kanisa. Akibatizwa anapaswa kubaki na mke wa kwanza. Ikiwa ni vigumu kwake, anaweza kubaki na mmoja kati ya wengine, na wanaobaki anaachana nao. Lakini sehemu ambayo watu wanaisahau ni aya ya tatu: askofu ahakikishe mahitaji ya mke wa kwanza na ya wale walioachwa yanatimizwa kwa haki, upendo wa Kikristo na usawa.

Tena tuna mfano. Matia Mulumba, mmoja wa mashahidi wa Uganda (Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani enzi za Kabaka Mwanga wa Buganda), alibaki na mke mmoja na kuwapangia maisha wale wengine kabla ya kubatizwa. Hakuwafukuza.

#11 Binti Sayuni
Kaka zangu, mmejibu kwa ufasaha, lakini someni tena mlichoandika. Mwanamume ndiye anayemfuata Yesu. Mke wa pili ndiye anayehama nyumba. Gharama imeandikwa kwa jina la mmoja na kulipwa na mwingine. Kama kuna kikao cha kuhesabu, huyo mama awe ndani ya chumba akiwa na kalamu yake. Awekewe kwa maandishi: nyumba ni ya nani, shamba ekari ngapi, ada ya kila mtoto mpaka darasa gani, matibabu, na akifariki baba watoto wanarithi nini. Bila hayo, ile sentensi ya "mahitaji yake yametimizwa" ni hewa.

#12 Katekista wa Ziwa
@Binti Sayuni, naongeza kitu kinachoharibu hata mpango ulioandikwa vizuri: unasainiwa na baba peke yake. Baba akisafiri au akipata ugonjwa, ndugu zake wanasema hawakuuona. Wasaini pia kaka zake wawili na mzee wa kanisa, na nakala ibaki kwa huyo mama.

#13 Mzee wa Msibani
Ukoo na msiba. Vijana waliookoka wanakosea sana hapa. Mtu anafika msibani mchana, anakuta shughuli imeanza, anakataa mbele ya wazee wote, anaonekana amewatukana marehemu na walio hai. Aliyeteswa hapo hakuteswa kwa ajili ya Kristo, ameteswa kwa ajili ya kuchelewa.

Utaratibu: fika siku ya kwanza, kabla ya kikao cha ukoo. Mtafute mzee mmoja anayekupenda, zungumza naye pembeni. Taja kwanza utakayofanya: nitachimba kaburi, nitalala msibani siku zote, nitatoa mchele na mbao za jeneza. Kisha taja moja usiloweza: sitamwaga pombe wala kusemea mizimu. Mchango wako uelekeze kwenye chakula na jeneza, waziwazi, ili usije ukaambiwa ulinunua mbuzi wa tambiko. Nyama ikiletwa bila maelezo, kula. Ukiambiwa "hii imetolewa tambiko", usile, kwa ajili yake aliyekuambia. Hiyo ni 1 Wakorintho 10:25-28, Paulo aliimaliza zamani.

Mjane anayekataa kurithiwa na shemeji ana hali ngumu zaidi. Huyo asitumwe kwenye kikao na mistari ya Biblia tu. Awe na cheti cha kifo, awe na shahidi wakati muhtasari wa kikao cha ukoo unaandikwa, na jambo la msimamizi wa mirathi lipelekwe mahakamani mapema kabla mabati hayajaondolewa.

#14 Kijana wa Kibosho
Haya yote ni madogo. Mashahidi 45 wa Uganda walichomwa moto Namugongo 3 Juni 1886, na hakuna aliyepewa karatasi. Kizito alikuwa na miaka kama 14 tu. Upendo ukiwepo hesabu haihitajiki.

#15 Mkatoliki wa Kipalapala
@Kijana wa Kibosho, si wote 45 Namugongo, wala si siku moja. Yusufu Lugalama, Mako Kakumba na Nuwa Serwanga, Waanglikana, waliuawa Busega 31 Januari 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa 15 Novemba 1885. Matia Mulumba niliyemtaja juu alikatwa mikono na miguu Kampala, akaachwa afe taratibu mwishoni mwa Mei 1886. Yohana Maria Muzeeyi ni Januari 1887.

Na hesabu walipewa. Mamisionari wa Afrika, wale mapadre wa Kikatoliki waitwao White Fathers, walikuwa na kanuni ya miaka minne ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya maandalizi, kabla ya ubatizo. Tena waliondoka Buganda Novemba 1882 wakavuka kusini ya ziwa hadi Bukumbi, upande wa Mwanza, wakarudi 1885. Muda wote huo waumini walifundishana wenyewe. Karoli Lwanga alibatizwa siku ile ile Balikuddembe aliyouawa, akijua anachokiingia. Kizito alibatizwa na Lwanga usiku wa kuamkia 26 Mei, hukumu ikiwa mlangoni. Hakuna aliyeshtukizwa na gharama pale.

#16 Neema Tele
Basi hapo umenipa hoja. Kizito alibatizwa usiku mmoja na katekista mlei, bila vikao!

#17 Mkatoliki wa Kipalapala
Kwa hatari ya kifo, ndiyo. Ila alikuwa ameshafundishwa.

#18 Mchungaji Mstaafu
Ndugu, mmeingia kwenye vitendo vizuri, lakini swali la pili la #1 mnalikwepa. Mungu anayetupenda anatozaje? Jibu langu: hatozi. Gharama inatozwa na ulimwengu. Yohana 15:20, "Ikiwa waliniudhi mimi, watawaudhi ninyi." Kabaka Mwanga ndiye aliyewachoma mashahidi, ukoo ndio unaofukuza, bosi ndiye anayeachisha kazi. Mungu yuko upande wa anayelipa. Mkimfundisha mwombaji hivyo, hataona mgongano wowote kati ya upendo na maumivu.

#19 Mlutheri wa Machame
Mchungaji, shikamoo. Kwa heshima, hilo linatosha kwa mateso tu. Halitoshi kwa Zakayo. Nani aliyemnyang'anya Zakayo nusu ya mali? Halitoshi kwa yule tajiri kijana aliyeondoka na huzuni. Aliyemwambia "nenda, ukauze ulivyo navyo" ni Yesu mwenyewe, na Marko 10:21 inasema alimkazia macho, akampenda, ndipo akamwambia. Upendo ndio uliotaja bei. Kwangu mimi maelezo ni Mathayo 6:24: moyo una kiti kimoja, na anayetupenda hakubali tuketishe kitu kinachotuua.

#20 Mama Mlezi
Na Waebrania 12:6 mnaiweka wapi? "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi." Mimi naona ni malezi. Lakini nawaomba walezi wasilitumie andiko hili kwa mwanamke anayepigwa na mumewe. Limetumika vibaya hivyo mara nyingi mno. Kipigo cha nyumbani si msalaba wake, ni uhalifu. Huyo anapelekwa mahali salama na polisi, halafu ndipo tuzungumze kusamehe.

#21 Ndugu wa Kagera
@Mama Mlezi, amina kwa hilo la mwisho. Mimi nasimama na Wafilipi 1:29: "Maana mmepewa kwa ajili ya Kristo, si kumwamini tu, ila na kuteswa kwa ajili yake." Paulo anaiweka imani na mateso kwenye zawadi moja. Hapo si adhabu, si malezi, si kazi ya adui peke yake. Ni kushirikishwa.

Mfano ni ndugu wa Uamsho wa Murang'a, Kenya, baada ya 1952. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo mezani pake, hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi. Walikataa vilevile bunduki za serikali ya kikoloni. Kwa hiyo kila upande uliwaona wasaliti, na wengine waliuawa. Kanisa kuu la Murang'a limejengwa kwa kumbukumbu yao, na picha za ukutani alichora Mtanzania, Elimo Njau wa Marangu.

#22 Mrundi wa Kigoma
Ongezeni Buta, Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 wavamizi waliingia seminari ndogo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa. Vijana 40 waliuawa. Hapo @Mchungaji Mstaafu yuko sahihi kwamba aliyetoza ni mwenye bunduki, na @Mlutheri wa Machame yuko sahihi kwamba bila upendo wasingetozwa. Wangejitenga tu, wengine wakaishi.

#23 Mhasibu wa Usharika
Nirudi chini kidogo. Marko 10:30 inaahidi mara mia "sasa wakati huu": nyumba, ndugu, mama, watoto, mashamba, pamoja na udhia. Zinatoka wapi hizo nyumba mia? Kwa waumini wengine, hakuna kwingine. Kwa hiyo karatasi ya mwombaji ina upande wa pili, wa usharika, nao uandikwe kabla hajabatizwa. Kijana akifukuzwa kwao, analala kwa nani miezi sita ya kwanza? Ada ya muhula nani analipa? Akitaka kuoa na baba yake amekataa kusimama, wazee gani wawili watapeleka barua ya posa, na mahari inachangwaje? Aliyeacha kuuza gongo anapewa mtaji wa kuanzia nini, na nani anamfuatilia?

Familia tano zikigawana, kila moja ikibeba jambo moja kwa mwaka mmoja, inawezekana. Familia moja ikiachiwa yote inachoka baada ya muda mfupi, na kijana anarudi alikotoka akiwa na uchungu zaidi. Usharika usioweza kujaza upande wake uahirishe ubatizo na kujitafutia toba wenyewe.

#24 Neema Tele
Hili la @Mhasibu nalikubali moja kwa moja. Karatasi ya kanisa, ndiyo. Karatasi ya mwombaji bado napinga.

#25 Mnyamwezi Mtulivu
Swali dogo: zaka nayo inaingia kwenye hesabu? Kabla ya makato au baada?

#26 Mlutheri wa Machame
Nilijua tutafika hapa tu.

#27 Mhasibu wa Usharika
@Mnyamwezi Mtulivu, mwombaji mpya mwanzie 2 Wakorintho 8:12, "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Mkulima wa msimu usimpigie hesabu ya kila mwezi, mpigie ya mavuno, baada ya kutoa mbegu ya msimu ujao na deni la pembejeo. Na mwenye wazazi wagonjwa asiambiwe alete kanisani fedha ya dawa zao. Hiyo ndiyo korbani, mali inayotengwa kwa Mungu huku wazazi wakinyimwa, ambayo Yesu aliikemea katika Marko 7:11-13.

#28 Kijana wa Kibosho
Kuhusu mbegu sawa, lakini deni la pembejeo likiwa kubwa kuliko mavuno, anatoa nini?

#29 Mhasibu wa Usharika
Mwaka huo hatoi fedha. Mwandike kwenye orodha ya wanaopokea, tena mapema, kabla kipindi cha njaa hakijaanza.

#30 Binti Sayuni
Na @Mwanglikana hajanijibu: yule mke wa pili asiyetaka kubatizwa, watoto wake wadogo wanabatizwa kwa ridhaa ya nani?